Benjamin Franklin kwa darasa la sita: muhogo, chupa na radi

Somo hili la Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa mchapaji, mtafiti wa umeme na mwanasiasa, lipange Julai au Agosti, wakati wa kusi, mvua zikiwa zimeisha. Pwani ya Mtwara na Lindi hewa ina unyevu mwingi, na unyevu huiba chaji ya umeme: jaribio linalokubali vizuri mwezi wa Agosti saa nane mchana litagoma kabisa Machi asubuhi, halafu watoto waondoke wakiamini mwalimu amewadanganya. Tenga vipindi vitatu vya dakika 40.

Cha kwanza ni uchapaji, kwa sababu Franklin alianza huko. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa 15 kati ya 17 wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Alipofika miaka 12 akawekwa kwa kaka yake James kuwa mwanagenzi wa uchapaji. Akiwa na 17 akatoroka hadi Philadelphia. Hayo yanatosha kwa maelezo, sasa wape kazi ya mikono.

Gawa darasa makundi ya watoto sita, kila mmoja na herufi moja ya neno MTWARA. Kata muhogo mtamu vipande vya urefu wa sentimita 5, uso uwe bapa. Mchungu usiuguse: katika kuchonga, vipande huishia mdomoni, na muhogo mchungu mbichi ni sumu. Futa utomvu kwa kitambaa, acha vipande vikauke dakika kumi, la sivyo wino hautashika. Mtoto achore herufi yake kwenye karatasi, aigeuze karatasi, aishike kwenye mwanga wa dirisha, ndipo ainakili kwenye muhogo ikiwa imepinduka. Achonge pembeni kwa msumari wa inchi 2 ulionolewa kwenye jiwe, kina cha milimita 3. Wembe tuuache nyumbani.

Wino: kijiko kimoja cha masizi, viwili vya uji mzito wa unga wa muhogo uliopoa, koroga dakika tatu. Pakaza kwa kipande cha sifongo, usichovye. Ukichovya, wino huziba mianya na kinachotoka kwenye karatasi ni doa tu.

Hapa ndipo neno lenyewe linapofundisha. M, T, W na A hazibadiliki zikigeuzwa kushoto kuwa kulia, kama kwenye kioo, kwa hiyo watoto watano kati ya sita watafaulu hata kama hawakuelewa maelekezo. Mwenye R ndiye atakayeumbuka. Usimsahihishe mapema, acha achape. Kisha wafunge herufi zote sita kwenye rula kwa mpira, wachape kwa mkupuo mmoja. Waliopanga kushoto kwenda kulia watapata ARAWTM. Mchapaji wa enzi za Franklin alipanga ukurasa mzima wa gazeti namna hiyo, herufi moja moja, akisoma kinyume. Kundi linalomaliza haraka lipe LINDI: humo L, N na D zote zinageuka.

Kipindi cha pili ni umeme tuli. Kila kundi linahitaji chupa ya kioo ya jamu yenye mfuniko wa plastiki, waya wa shaba sentimita 20, vipande viwili vya foili vya sentimita 4 kwa nusu sentimita, na kipande cha bomba la plastiki la maji la nusu inchi. Anika chupa juani saa nzima. Toboa mfuniko, pitisha waya, ziba tundu kwa nta ya mshumaa. Juu upinde waya uwe kitanzi. Chini uwe ndoano, utundike vipande vya foili vikigusana. Tundu la kila foili liwe kubwa kuliko waya, maana foili iliyobanwa haichezi. Hiyo ni elektroskopu, chombo cha kuonyesha chaji.

Sugua bomba kwa karatasi kavu ya chooni mara ishirini, lipitishe likigusa kitanzi. Foili zitaachana na kubaki zimeachana: zina chaji ya aina moja, zinasukumana. Majina ya chanya na hasi tunayotumia hadi leo yametoka kwa Franklin. Sasa mtoto aguse kitanzi kwa kalamu ya plastiki: hakuna kitu. Aguse kwa msumari alioushika mkononi: foili zinaanguka hapohapo. Chaji imepita kwenye chuma, ikapita mwilini, ikaenda ardhini. Kikinga radi cha Franklin kinafanya kazi hiyohiyo: fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene hadi ardhini, radi ipite humo badala ya kupita kwenye ukuta na watu.

Foili zisipoachana, shuku unyevu kwanza, kisha mikono yenye jasho iliyogusa nta, kisha bomba. Wapo watakaotaka kusugua bomba kwenye nywele. Zinafaa, ila zikiwa zimepakwa mafuta hazifai.

Kuhusu tiara, kuwa mkali. Juni 1752 Franklin alirusha tiara kuelekea wingu la mvua: uzi wa katani, ufunguo, na utepe wa hariri aliouweka mkavu kwa kusimama mahali palipofunikwa. Radi haikupiga tiara ile. Alichovuta ni chaji ya wingu, akaona nyuzinyuzi za katani zimesimama na cheche ikaruka kwenye kidole. Radi ingepiga, angekufa, kama alivyokufa Georg Richmann huko St. Petersburg mwaka 1753 akifanya jaribio la aina hiyo. Watoto waandike: wingu likinguruma, tiara chini. Wahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila tatu ni kama kilomita moja, na zikiwa chini ya 30 waingie ndani, wasijifiche chini ya mkorosho wala mnazi.

Atatokea wa kusema radi hutumwa na mtu. Usimcheke. Muulize imepiga nini kijijini kwao. Mara nyingi ni mnazi, mwembe au mnara, vitu virefu. Kisha mweleze kwamba Ulaya ya zamani waligonga kengele za kanisa kufukuza radi, na wagonga kengele wakapigwa wao, wakiwa wameshika kamba kwenye jengo refu kuliko yote.

Kipindi cha tatu, siasa, ni cha kuzungumza. Futa kwanza makosa mawili: Franklin hakugundua umeme, na hakuwahi kuwa rais wa Marekani, ingawa sura yake iko kwenye noti ya dola 100. Alikuwa mmoja wa kamati ya watu watano ya Azimio la Uhuru wa Marekani la Julai 1776, na mwisho wa mwaka akatumwa Ufaransa kutafuta msaada wa vita dhidi ya Uingereza.

Andika ubaoni tarehe nyingine chini ya hiyo. Septemba 1776, mfanyabiashara Mfaransa Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa iko mkoani Lindi. Hapo darasa hunyamaza. Ndipo uwaambie kwamba Franklin naye alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Mwaka 1787 akawa rais wa chama cha kupinga utumwa Pennsylvania, na Februari 1790 akatia saini ombi kwa Bunge la Marekani utumwa ukomeshwe. Aprili akafariki.

Watauliza kwa nini alichelewa. Usiwajibie; wawiliwawili waandike mistari miwili. Watakaotaka kuchapa jibu lao waje na muhogo mpya, maana ule wa kipindi cha kwanza umeshanyauka na R yake haisomeki.