Mwanao ndo staa wa darasa, halafu unaambiwa anatenga wenzie: ufanyaje

Meseji imeingia usiku, "mama nanii, mwanao kawaambia wenzie wasicheze na wangu." Usijibu kwenye grupu la wazazi hata kama yeye kaanzia huko, mfuate inbox mwambie pole, asante kwa kuniambia, ngoja niongee na mtoto ntakutafuta kesho, basi. Hayo ya "wa kwangu hana tabia hiyo" yaache, hukuwepo.

Sasa mtoto. Ukimuuliza "umemtukana fulani?" atakwambia hapana mama wallahi, na inawezekana kweli hajatukana, maana mtoto anayefuatwa na darasa zima ana haja gani ya kutukana? Akinuna wote wananuna, akihama benchi wanahama naye, mwenzao anabaki na hotipoti lake peke yake na hana hata cha kumshtakia kwa mwalimu. Kwa hiyo uliza vitu vidogo vidogo, leo mlicheza rede? timu alichagua nani? nani alibaki wa mwisho? kwenye basi la shule unakaa na nani, na nani mmemuwekea begi kwenye siti asikae? Hilo la begi usiliruke. Na muulize mkiwa mnaosha vyombo au mko njiani, sio umemkalisha sebuleni kama mtuhumiwa na baba yake kasimama mlangoni. Fimbo weka mbali, ukimchapa atakachojifunza ni kuficha, na kesho yule mwenzie ataitwa mmbea.

Ikiwa ni kweli kafanya, asiombe msamaha mbele ya darasa, utazidi kumfanya yule mwenzie kituko. Wawe wawili tu na akitaje alichofanya, "jana niliweka begi ili usikae, samahani," na siku hiyohiyo ampishe siti. "Samahani kama nimekuudhi" hiyo haihesabiki. Halafu amwite kwenye rede, wenzie si wanamfuata? basi wamfuate na kwa hili.

Ila sio kila lawama ni kutenga jamani. Mtoto ana haki ya kuwa na shosti wake, na hawa wanaopendwa wanagombaniwa, akicheza na huyu yule analia. Mfundishe kusema "leo nacheza na fulani, kesho tucheze wote," na kesho kweli acheze. Kadi za bethdei kama zinagawiwa darasani zigawiwe kwa wote, kama unaalika wachache piga simu kwa wazazi.

Na wewe ukiwa unamsema mama fulani kwenye simu huku mtoto yuko hapo anakula, ujue anasikia.

Kabla hujaenda kwa mwalimu wa darasa ongea na dada wa basi, yule anawaona wakiwa wamejisahau. Mwambie hutaki mtu apewe adhabu, unataka tu kujua nani anakaa na nani, na baada ya wiki mbili muulize tena.