SOMO: Namna ya kupinga amri ya kizuizini mahakamani, tujifunze kwa India

Habari wakuu. India mtu anaweza kuwekwa ndani mpaka miezi 12 bila kushtakiwa, kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1980, na mkuu wa wilaya anaweza kusaini, wala sio hakimu. Ndugu wengi wanaenda mahakamani kulia "mtu wetu hana kosa", hapo ndo wanapotea, maana jaji hapimi hilo, anataka kujua aliyesaini alilisoma faili akafikiri kwa kichwa chake au alipiga saini tu.

Hatua ya 1: Dai karatasi zote na viambatanisho vyake. Katiba yao ibara ya 22(5) inasema apewe sababu mapema ajitetee, na mahakama imesema iwe kwa lugha anayoielewa. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilimwachia mtu wa Maharashtra aliyepewa sababu kwa Kiingereza na yeye hakijui.

Hatua ya 2, hapa ndo penyewe: Laza ripoti ya polisi pembeni ya sababu za mkuu wa wilaya, soma mstari kwa mstari. Kesi ya Jai Singh, Jammu na Kashmir, 1985, polisi wameandika "yeye", mkuu kabadilisha kaweka "wewe", mengine yote vilevile! Mahakama ikasema hapa hakuna aliyefikiri, amri ikafa. Inauma sana, uhuru wa mtu unaondoka kwa kunakili.

Hatua ya 3: Saka sentensi za jumla jumla. Kesi ya Rekha, Tamil Nadu, 2011, mtu alikuwa tayari rumande, amri ikadai azuiliwe maana kesi kama hizi watu hupata dhamana, kesi ipi, ya nani, kimya. Ikafutwa.

Hatua ya 4: Hesabu siku. Serikali ya jimbo isipoidhinisha amri ya mkuu wa wilaya ndani ya siku 12, imekwisha.

Ukimaliza fungua hebiasi kopasi (ombi la mahakama kuitaka serikali ieleze kwa nini inamshikilia mtu), na serikali ndo yenye mzigo wa kuthibitisha.

MASWALI

Swali: Mkuu, sababu zikiwa tano ikaanguka moja?
Jibu: Tangu 1984 zilizobaki zinaweza kuishikilia amri, kwahiyo zipinge zote. Ndo maana kosa la kunakili ni zito, linagusa amri nzima.

Swali: Na hapa Bongo?
Jibu: Tuna Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, anayesaini ni Rais. Mwanzo mahakama ilifungiwa mlango kabisa, mabadiliko ya 1985 ndo yakaufungua, na Tume ya Nyalali, ile ya kuhusu mfumo wa vyama, iliitaja kwenye zile sheria 40 mbaya.

Swali: Lazima afungue aliyeko ndani? Na ushahidi ukiwa video je?
Jibu: Hapana, ya daktari Kafeel Khan, aliyezuiliwa India kwa sababu ya hotuba, alifungua mama yake. Mahakama Kuu ya Allahabad ilimwachia 1 Septemba 2020, ikasema hotuba yake ilisomwa vipande vipande. Halafu alipewa CD ya hiyo hotuba huko gerezani bila chombo cha kuichezea, sasa angejibu nini?