Kupiga shabaha ya mita 200 kwa bunduki ya .22: anzia kwenye boksi la risasi

Risasi ya .22 (kipenyo cha inchi 0.22 hivi) ya mashindano hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Ukiwa umesawazisha darubini kwa mita 50 (yaani risasi inagonga pale unapolenga), risasi hiyo ikifika mita 200 imeshaanguka karibu mita moja na nusu chini ya ulipolenga, na imekaa hewani sekunde 0.7 hivi. Kwa mwendo wa pole kiasi hicho, kila kasoro ndogo inapata muda wa kukua.

Kwanza usalama, kwa ufupi: risasi hii ndogo inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na kwa kuwa imetengenezwa kwa madini laini ya risasi na haina kasi, hudunda ovyo kwenye mawe, maji na ardhi ngumu. Piga kwenye uwanja ulioruhusiwa tu, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.

Hatua ya 1: Chagua risasi

Achana na maboksi yanayojisifu kwa kasi kubwa. Risasi inayotoka kwa mita 380 kwa sekunde itashuka chini ya kasi ya sauti (karibu mita 340 kwenye nyuzi joto 15) ikiwa bado njiani, na pale inapovuka mpaka huo huyumba. Inayotoka ikiwa tayari chini ya kasi ya sauti haipati msukosuko huo.

Fataki ya .22, yaani kemikali inayowasha baruti, imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo hakuna kujijazia baruti nyumbani ukarekebisha mambo. Unachoweza ni kupima na kuchagua. Chukua aina nne au tano, kwa mfano SK Standard Plus, Lapua Center-X na CCI Standard, uandike namba ya toleo ya kila boksi. Kila unapobadili aina, piga kwanza risasi 10 hadi 20 zisizohesabiwa, maana kila kiwanda kina nta yake na mtutu lazima uizoee. Baada ya hapo piga makundi manne ya risasi tano kwa mita 50, kipima kasi kikiwa kinarekodi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatazama karatasi, hawatazami kasi. Risasi mbili zikitofautiana mita 10 kwa sekunde, kwa mita 50 zitaachana milimita 7 hivi kwenda juu na chini, na hutashtuka. Kwa mita 200, tofauti hiyo hiyo ni sentimita 10 hivi. Toleo ambalo risasi 20 zinapishana mita 25 kwa sekunde liweke kando, hata kama kundi lake la mita 50 linapendeza. Ukipata toleo zuri, nunua la kutosha msimu mzima. Jina lile lile lenye namba nyingine ya toleo ni risasi nyingine, lipime upya.

Hatua ya 2: Funga darubini

Tumia reli ya kushikia darubini yenye mwinamo wa dakika 20 za nyuzi (dakika ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi). Inakuongezea karibu mili 5.8 za kupandisha, na utazihitaji. (Mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali: sentimita 10 kwa mita 100.) Darubini iwe na uwezo wa kurekebisha paralaksi (shabaha kuonekana kusogea jicho linaposogea) kuanzia karibu mita 25. Skrubu zikazwe kwa bisibisi ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji.

Kisha tundika timazi mbele yako, uweke bunduki wima kwa pimamaji, na uzungushe darubini mpaka mstari wake wa wima ulale sawasawa juu ya uzi. Pimamaji ndogo ibaki kwenye darubini siku zote. Bunduki ikilala nyuzi 3 tu, risasi ya mita 200 itakwenda pembeni zaidi ya sentimita 10, halafu utausingizia upepo.

Maliza kwa kukagua kitasa cha kupandisha, kile unachozungusha juu ya darubini: karatasi ndefu kwa mita 100, mstari wa timazi juu yake, piga, pandisha mili 10, piga tena ukilenga palepale. Makundi yawe na mita moja kati yake. Yakiwa na sentimita 97, kila mili unayozungusha ni pungufu kwa asilimia 3, na programu ya kukokotoa njia ya risasi inapaswa kuambiwa hivyo.

Hatua ya 3: Mwili na kifyatulio

Lala chini, bunduki ikisimama mbele juu ya miguu yake miwili, na mfuko wa mchanga chini ya kitako chake. Ukifyatua, bana kifyatulio nyuma na ubaki hivyo hivyo mpaka uone risasi inapogonga. Risasi hii huchelewa kutoka mtutuni, na anayeinua kichwa mapema huisukuma bunduki risasi ikiwa bado ndani.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali

Sawazisha kwa mita 50 kabla upepo haujaamka. Ingiza kwenye programu kasi uliyopima mwenyewe, joto, na kimo cha darubini juu ya mtutu kilichopimwa kwa rula. Tegemea kupandisha karibu mili 2 na nusu kwa mita 100, mili 7 hadi 8 kwa mita 200, na mili 14 au 15 kwa mita 300. Kisha piga risasi kumi kwa mita 200. Kitovu cha kundi kikiwa juu au chini, usiiguse kasi, hiyo umeshaipima. Badilisha namba inayoeleza jinsi risasi inavyopasua hewa, mpaka jedwali lilingane na karatasi.

Hatua ya 5: Upepo

Upepo wa mita 2 kwa sekunde unaokata njia moja kwa moja husogeza risasi sentimita 15 hadi 20 kwa mita 200. Ukija kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mbele au nyuma, hesabu nusu. Weka utepe mwepesi karibu nawe na mwingine katikati ya njia, kwa sababu upepo wa karibu na mpigaji una muda mrefu zaidi wa kuipotosha risasi kuliko ule wa langoni mwa shabaha.

Mambo yakiharibika

Kundi likirefuka wima, shuku risasi kwanza, kisha masizi. Likitanuka pembeni, ni upepo au kidole. Makundi mawili yaliyojitenga kwenye karatasi moja mara nyingi ni skrubu iliyolegea. Yakipanda taratibu kadiri jua linavyokolea, boksi lilikuwa juani, lifunike.

Masizi hujijenga kama pete mbele ya chemba, na hapo ndipo usahihi huanza kupotea polepole. Kila baada ya risasi 200 hivi, ingiza brashi yenye dawa kutokea nyuma, sugua chemba peke yake, pangusa, kisha piga risasi 10 za kurudisha nta mtutuni kabla ya kuhesabu alama.