Albamu ya kuanzia ukikutana na bendi ya posti-roki

Binamu yangu wa Igoma alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Ile bendi ya magitaa bila kuimba uliyoiweka kwenye gari, nianze na albamu gani?" Nikamwambia aanze na fupi. Akaenda kuanza na ndefu kuliko zote, siku ya pili akanitumia ujumbe kwamba muziki wenyewe unaleta usingizi. Ikabidi Jumamosi tukae tuelekezane. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwa asiyeujua, posti-roki ni muziki wa vyombo vya roki usiojali beti wala kiitikio. Unaanza chini, unapanda taratibu, na wimbo mmoja unaweza kula dakika 20. Jina lilienezwa na mwandishi Simon Reynolds mwaka 1994. Inatosha.

Hatua ya 1: Tazama dakika, achana na sifa

Ukiulizia Godspeed You! Black Emperor, bendi ya Montreal, kila mtu atakutajia Lift Your Skinny Fists Like Antennas to Heaven ya mwaka 2000. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini ni dakika 87, na mgeni akiiacha katikati harudi. Mimi humpa Slow Riot for New Zero Kanada ya 1999: nyimbo mbili, dakika 28 na ushei. Naibonyeza kivuko cha Kamanga kinapoachana na gati la Mwanza, na ikikaribia mwisho nakuwa nimeshaanza kutafuta mahali nilipoweka begi.

Kipimo changu ni dakika 50 kushuka chini. Explosions in the Sky wa Texas, chukua The Earth Is Not a Cold Dead Place ya 2003, nyimbo tano, dakika 45 hivi. Mogwai wa Glasgow, chukua Happy Songs for Happy People, nayo ya 2003.

Hatua ya 2: Ruka ya kwanza

Kwenye albamu ya kwanza bendi nyingi bado zinajitafuta. Sigur Rós wa Iceland walitoa Von mwaka 1997. Miaka miwili baadaye ikaja Ágætis byrjun, maana yake "mwanzo mzuri", na kweli hapo ndipo pa kuanzia. Najua inapita dakika 70 na inavunja kipimo changu. Ina sauti ya mtu anayeimba, kwa hiyo inavumilika.

Hatua ya 3: Hakikisha nyimbo zinafuatana

Hapa ndipo nilipopotea mimi mwenyewe, tena si siku moja.

Enzi hizo sikuwa na bando la kuchezea. Nilikwenda kwenye kibanda kimoja mjini kuingiziwa ile Lift Your Skinny Fists kwenye memori kadi. Ikaingia, nikalipa, nikaondoka. Mwezi mzima nikaisikiliza, na kila mara naanza na mtu anakwaruza gitaa na kuimba kawimbo ka kizamani, halafu wimbo unaofuata ukianza mzee anasimulia habari za ufukwe wa Coney Island. Nikajisemea hawa jamaa wa ajabu, mbona wanaanzia mwisho wa maongezi?

Kumbe nilikuwa naisikiliza kinyumenyume. Albamu ina nyimbo nne: Storm, Static, Sleep, Antennas to Heaven. Simu yangu ilizipanga kwa alfabeti, sasa zipange wewe uone: Antennas, Sleep, Static, Storm. Imegeuka nzima, kama gauni lililovaliwa nje ndani! Ule mpando wa Storm, uliotakiwa kunifungulia mlango, ulikuwa unanijia mwishoni nikiwa nimeshachoka.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza:

Fungua faili moja moja, andika 01, 02, 03 mbele ya jina. Andika sifuri hiyo. Ukiandika 1, 2, 3 kwenye albamu yenye nyimbo zaidi ya tisa, vifaa vingine vitaipiga ya 10 kabla ya 2.

Kama unatumia fleshi kwenye redio ya gari au sabufa, namba peke yake huenda zisisaidie. Vifaa vingi vya bei nafuu havisomi majina, vinafuata mpangilio ulioingizia faili. Futa zote, kisha nakili upya moja moja, 01 ikimaliza ndipo 02. Inachosha. Ikikataa, fomati fleshi (hamisha vitu vyako kwanza, mimi nilipoteza picha za harusi ya dada) uanze tena.

Kwenye programu za kusikilizia muziki, zima kuchanganya nyimbo. Zima pia ule mpangilio unaopandisha wimbo mmoja juu ya mkia wa mwingine. Na usibonyeze orodha ya nyimbo zinazopendwa za bendi. Hiyo ni sahani ya vichwa vya sato vitupu.

Halafu kimya. Albamu ya Sigur Rós ya 2002, ile ambayo jina lake ni mabano mawili tu, ina nyimbo nane, na katikati zimewekwa sekunde 36 za ukimya. Simu haijazimika. Usiguse kitu.

Hatua ya 4: Hedifoni za waya, sauti ya wastani

Sabufa inafanya besi imeze sehemu zote za sauti ndogo. Tumia waya. Na sehemu ya kimya ikifika, usiongeze sauti. Kwenye Young Team ya Mogwai, ya 1997, kuna wimbo Like Herod unaonong'ona kwa dakika kadhaa kisha unalipuka bila hodi. Binamu alikuwa ameongeza sauti hadi mwisho, tumekaa kwenye benchi la kivuko. Ulipolipuka alizing'oa hedifoni kwa mikono miwili, zikaangukia kwenye ndoo ya dagaa ya mama aliyekaa mbele yetu. Mama akazitoa, akazipangusa kwa kanga, akaweka moja sikioni mwake. "Mnasikiliza mashine ya kukoboa?"

Hatua ya 5: Rudia albamu hiyohiyo siku ya pili

Mara moja haitoshi. Ukiirudia na bado haikushiki, badilisha bendi. Binamu ameshamaliza Slow Riot mara tatu, sasa anataka ile ya dakika 87. Nimempa kwenye fleshi, zimeandikwa 01 hadi 04.