Namna ya kuandika historia ya mto unaopita mtaani kwako

Nimekulia Mabatini, hapa Mwanza, karibu kabisa na Mto Mirongo. Marehemu bibi yangu alisimulia walivyofua humo na kuanika nguo juu ya mawe. Mwanangu anaujua kama mtaro, ukipita unaziba pua. Katikati ya hayo mawili kuna historia nzima, na kila mzee tunayemzika anaondoka na kipande chake. Inaniuma, ndiyo maana nimeanza kuiandika.

Anza na wazee, intaneti itafuata. Nenda asubuhi, amkia, kaa, ulizaneni habari za nyumbani kwanza. Halafu usimuulize mtu "ilikuwa mwaka gani?" Miaka husahaulika, matukio hubaki. Mimi huuliza: ilikuwa kabla ya MV Bukoba kuzama au baada yake? Mtu mzima wa Mwanza anakumbuka alikuwa wapi Mei 1996. Aliye mkubwa zaidi mrudishe kwenye mvua za Uhuru, zilizoanza mwishoni mwa 1961; kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Elnino ya 1997 nayo haijasahaulika. Ukishapata tukio, uliza vitu vidogo: mlivuka wapi, maji ya kunywa mlichota wapi, kambare walipanda mtoni mvua ikianza? Mzee mmoja, badala ya kunijibu, aliinama akagusa goti lake: "Yaliishia hapa, na mchanga tuliuona chini." Niliandika maneno yake yote mawili, goti na mchanga, kwa sababu leo hapo hata kisigino huwezi kukiona.

Kisha zisome kuta. Mafuriko huacha mstari wa tope, na mtu akipaka rangi upya, plasta ya chini hubaki imevimba na kumenyuka. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, shika futi ya fundi, pima kutoka sakafuni, piga picha futi ikionekana. Kwa jirani yangu nilikuta mistari miwili: mmoja sentimita 41, wa juu 83. Ule wa juu mama mwenye nyumba aliukumbuka mara moja, kwa sababu godoro la watoto lilielea. Andika na hilo. Namba bila godoro haitamwambia kitu mjukuu wako.

Tembea mto wakati wa kiangazi, ukiwa na buti za mvua, na usiguse maji yale. Ukifika, inua macho utazame milima. Mwanza ni mawe. Mvua ikipiga juu ya mwamba na mabati haina pa kuzama, inateremka yote kwa pamoja, imebeba mchanga na taka. Nyumba zilivyopanda mlimani ndivyo maji yalivyozidi kuja kwa kasi. Wanaoishi bondeni hulaumiwa kwa kila kitu, na naona si haki, maana maji mengi yanatoka juu yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Zipime kwa hatua, hesabu milango unayoipita, na uulize kila nyumba ilijengwa kabla au baada ya sheria hiyo. Hapo utaelewa kwa nini jambo hili ni zito kwa watu.

Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zipo bure kwenye Google Earth. Linganisha mabati na miti. Kwa vipimo vya maji, ofisi ya Bonde la Ziwa Viktoria iko hapahapa Mwanza. Nenda na barua.

Ukimaliza, rudi ukawasomee waliokusimulia. Niliposoma kurasa zangu, bibi mmoja alinikatisha: "Hapana mjukuu wangu, mwembe ulikuwa ng'ambo. Upande huu tulikuwa tunaogeshea watoto." Nikafuta palepale, nikauhamisha mwembe.