Kuhamia Nyumba Mpya na Kuipamba: Anza na Jua, Upepo na Unyevu

Familia nyingi zinazohamia nyumba mpya pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Goba, Bunju, Chanika au Kigamboni, hukimbilia kununua mapazia na makochi kabla hata maboksi hayajafunguliwa, na baada ya miezi michache hujikuta na sebule nzuri ambayo ikifika saa kumi jioni haikaliki kwa joto. Mwongozo huu unapendekeza utaratibu mwingine. Siku za kwanza zitumike kuifanya nyumba iwe salama na ya kulalika, wiki zinazofuata zitumike kuichunguza nyumba yenyewe, na mapambo yaje baadaye, yakifuata kile ambacho jua, upepo na unyevu vitakuwa vimekwisha kuonyesha.

Nyumba ikiwa bado tupu, kazi nyingi ngumu huwa nyepesi. Badilisha vitasa vya milango ya nje, kwa kuwa hujui ni mafundi au wapangaji wangapi waliobaki na funguo. Kagua fremu za milango na pembe za kuta kama kuna njia nyembamba za udongo zinazopanda kutoka sakafuni, kwa kuwa hiyo ndiyo dalili ya mchwa, na kama zipo, dawa ipigwe kabla kabati hata moja halijaingizwa. Tangi la maji literemshiwe mtu, lisuguliwe na kusuuzwa, ndipo lijazwe upya. Mwite fundi umeme athibitishe kwamba waya wa ardhini (ethi) umeunganishwa na kwamba mita ya LUKU inahudumia nyumba yako peke yake. Mpangaji akumbuke pia kwamba tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme, kwa hiyo ni vyema akubaliane mapema na mwenye nyumba namna fedha hiyo itakavyofidiwa kwenye pango.

Kwa usiku wa kwanza, tenga begi moja la shuka, vyandarua, sufuria mbili, dawa na vyeti vya familia, na lisiingie kwenye lori bali lisafiri nanyi. Vitanda na vyandarua vifungwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu watoto waliolala vizuri huizoea nyumba upesi kuliko watoto waliopewa chumba cha rangi za kupendeza. Mtungi wa gesi ukishaunganishwa, paka povu la sabuni kwenye maungio; mapovu yakivimba, gesi inavuja, na mtungi ufungwe mara moja.

Katika wiki hiyo hiyo nenda kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, maana barua ya utambulisho utaihitaji kwa mambo mengi, na wapigie hodi majirani wa pande zote. Wao ndio watakaokueleza maji ya bomba hutoka siku gani na maji ya mvua hupita wapi wakati wa masika, jambo ambalo hakuna fundi atakayekueleza kwa hakika.

Sasa ichunguze nyumba. Dar es Salaam iko takribani nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Ukuta wa magharibi, hata hivyo, haupumziki msimu wowote. Weka kiganja kwenye ukuta huo kwa ndani saa mbili usiku, nawe utahisi tofali bado linatoa joto lililohifadhiwa tangu alasiri. Kichwa cha kitanda cha mtoto kisikae hapo, na kama chumba chenyewe kiko upande huo, afadhali kifanywe stoo, au kitumike asubuhi kwa kushona na kunyoosha nguo.

Upepo nao una majira yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, wakati ambapo joto ndilo kali zaidi, kisha kusi hushika zamu katikati ya mwaka. Ili upepo upite ndani ya chumba, lazima uwe na pa kuingilia na pa kutokea, na ndiyo maana kabati refu lililosimamishwa mbele ya dirisha dogo la nyuma linaweza kuifanya sebule nzima iwe na hewa nzito. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma kando hufunguka nusu tu ya upana wake. Kama bado unajenga au unakarabati, mwambie fundi akutengenezee yanayofunguka yote, na neti ya mbu iwe ya kutolewa na kuoshwa, kwa kuwa neti iliyojaa vumbi huzuia hewa.

Unyevu ndio unaoharibu mapambo mengi kuliko kitu kingine chochote, na hapa naomba msomaji awe na subira. Ukiona ungaunga mweupe ukitokeza chini ya ukuta, au rangi ikivimba na kubanduka, usikubali fundi aifunike kwa rangi mpya. Gundisha kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku moja au mbili. Kikikutwa na matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe, na dawa yake si rangi bali kuondoa chanzo: mfereji wa paa unaomwaga karibu na msingi, ua ulioinamia nyumba badala ya kuinamia barabara, au bomba linalovuja chini ya sakafu. Tatua hilo kwanza, uache ukuta ukauke, ndipo uzungumzie rangi.

Plasta mpya ya saruji huhitaji takribani siku 28 ili ikomae na kukauka, na rangi inayopigwa kabla ya hapo mara nyingi hutoka madoa. Baada ya kusawazisha ukuta na kupiga rangi ya msingi, mikono miwili ya rangi ya maji, yaani kupaka mara mbili, inatosha. Kadirio la kununua ni rahisi: sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kuta za urefu wa mita 3 ina mita 54 za mraba za ukuta, ondoa kama mita 8 za milango na madirisha, zibaki 46. Lita moja hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili itahitaji zaidi kidogo ya lita 9, na ndoo ya lita 20 ambayo fundi amekuandikia ni ya kuulizia maswali. Usichague rangi kwenye kadi ya dukani. Paka kiraka cha mita moja ya mraba kwenye kuta mbili tofauti, ukitazame asubuhi, jioni na usiku taa ikiwa imewashwa, ndipo uamue. Kwenye korido na chumba cha watoto tumia rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ambayo mafundi huiita silki, kwa kuwa alama za vidole hufutika kwa kitambaa chenye maji. Nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina madini ya risasi, na watoto wasiwepo rangi ya zamani inapopigwa msasa.

Mapazia yafuate jua. Dirisha la magharibi lipate kitambaa kizito cha rangi nyepesi chenye bitana. Dirisha la upande wa upepo lipate chepesi kinachopepea. Kwa dirisha la upana wa sentimita 150, bomba la pazia liwe la sentimita 190, ili pazia likifunguliwa likae ukutani badala ya kuziba kioo, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba, yaani sentimita 380. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla hakijapelekwa kwa fundi cherehani, la sivyo pazia litapanda juu ya sakafu baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kabla ya kuagiza samani, chora kwa chaki sakafuni umbo la kila kochi na meza kwa vipimo vyake, kisha familia nzima ipite katikati yake kwa siku kadhaa. Njia ya kupita iwe na upana wa sentimita 80 hivi. Mafundi samani wa Keko, jijini Dar es Salaam, hutengeneza kwa vipimo vya mteja, na mninga au mkongo hustahimili mchwa kuliko paini, ila hakikisha mbao zimekauka. Kabati likae umbali wa vidole vinne kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite nyuma yake, na lile refu lifungwe ukutani kwa skrubu mtoto asije akaliangusha.

Kuta zenyewe zisijazwe. Katika nyumba za kale za Lamu vidaka vilichongwa ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe vikapangwa sahani na vyombo vya thamani. Ukuta wa tofali la inchi 6 hauna unene huo, kwa hiyo rafu fupi ya mbao hufanya kazi ile ile bila kuudhoofisha. Kanga ya bibi iliyotiwa fremu, maneno yaliyoandikwa juu yake yakisomeka, ina haki ya kukaa sebuleni kuliko picha yoyote ya dukani. Picha za mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hupakwa rangi ya mafuta, na hustahimili hewa ya pwani kuliko picha za karatasi. Toboa kwa drili na uweke plagi ya plastiki, kwa sababu msumari huivunja plasta. Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hivi kutoka sakafuni, au chini zaidi pale ambapo familia hukaa mkekani.

Nje, panda mipapai na migomba upande wa magharibi mwanzoni mwa masika, mbali na karo na msingi, na maji ya kuoshea vyombo yaelekezwe huko. Mpapai huweza kuzaa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na mwarobaini, ambao hukua upesi lakini una mizizi mikubwa, upewe nafasi yake karibu na uzio.