Namna ya Kupima Majivu ya Volkeno Kabla ya Kujengea na Chokaa

Kuzunguka Mlima Meru, majivu ya volkeno hupatikana kwa urahisi, na mafundi wengi wa Arusha huyatazama kama kifusi tu. Yakisagwa na kuchanganywa na chokaa, yanaweza kuwa pozolana, kiungo ambacho Warumi walikichimba Pozzuoli nchini Italia na ambacho huifanya chokaa igande hata ndani ya maji. Hata hivyo, si majivu yote yanayofaa, wala rangi peke yake haitoshi kuyatambua.

Hatua ya kwanza ni kuchagua. Volkeno inapolipuka, gesi huisambaratisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kuwa chembe ndogo zinazopoa upesi mno, hivi kwamba madini ya silika na alumina yaliyomo hayapati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Kinachobaki ni kioo, nacho ndicho kinachoungana na chokaa. Kioo hicho kikikaa muda mrefu kwenye unyevu huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo chimba chini ya udongo wa juu mpaka ufikie tabaka linalokwaruza vidoleni. Lava nyeupe ya volkeno ya Ol Doinyo Lengai usihangaike nayo, kwani ni ya jamii ya magadi na silika yake ni kidogo mno.

Hatua ya pili, tia majivu kidogo katika chupa ya maji, tikisa, kisha acha yatulie kwa saa moja. Maji yakibaki tope zito, udongo wa mfinyanzi ni mwingi, tafuta kwingine.

Hatua ya tatu ni kukausha, kusaga na kuchekecha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia kwa sababu ya haraka. Chembe kubwa hugusana na chokaa kwa nje tu, lakini unga laini hugusana nayo kila upande. Ungo wenye matundu ya mikroni 75 (milimita 0.075) ndio bora. Usipoupata, tumia kitambaa chepesi. Vaa barakoa.

Hatua ya nne, changanya kwa ujazo sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga) na sehemu 2 za unga huo, ukitia maji ya kutosha kufinyanga tu. Chokaa iwe mpya, maana iliyokaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kupoteza nguvu. Tena huunguza, hivyo vaa glavu na ulinde macho. Finyanga donge moja la mchanganyiko na jingine la chokaa tupu, yafunge kwenye nailoni kwa siku 7, na wakati wa baridi ya Juni na Julai ongeza wiki nzima.

Hatua ya tano, yazamishe yote mawili majini kwa siku kadhaa. La chokaa tupu hulainika. La mchanganyiko likibaki gumu kiasi cha kutokwaruzika kwa ukucha, majivu yako yanafaa kwa lipu na kwa kuunganishia tofali, mradi ukuta umwagiliwe kwa wiki 2 au zaidi. Kwa nguzo na mikanda ya zege, endelea kutumia saruji.